Kanisa la 1831 lililogeuka jumba la maigizo: kisa cha Abingdon, Virginia

Mpanda Milima (mleta mada)

Wakuu, salaam.

Kila mara mjadala wa makanisa ya zamani ya Ulaya na Marekani ukianza, wengi tunamalizia palepale: jengo likishaacha kuwa kanisa, limekufa. Mimi sikubali. Nipo upande wa Tennessee, na mwendo mfupi wa gari kutoka hapa kuna jengo ambalo limenifanya niwe na msimamo mwingine kabisa. Naomba niweke kisa chake, halafu tujadiliane.

Mji unaitwa Abingdon, kusini-magharibi mwa Virginia, kwenye milima ya Appalachia. Ni mji mdogo, wakazi kama elfu nane. Kwenye barabara yake kuu kuna jengo la matofali linaloitwa Barter Theatre. Kuta zake zilianza kujengwa mwaka 1831, na waliojenga ni Wapresbiteri wa usharika wa Sinking Spring. Usharika huo ni mkongwe kuliko nchi yenyewe: ulimwita mchungaji wake wa kwanza, Charles Cummings, mwaka 1773.

Naomba hili lieleweke mapema, maana ndipo wengi wanapoteleza: usharika haukufa. Walihamia jengo jingine mjini humohumo, na mpaka leo wanasali. Walichoacha ni kuta na paa.

Jengo lile likachukuliwa na chama cha kupiga vita ulevi, Sons of Temperance. Mwaka 1876 ndipo igizo la kwanza lilipochezwa humo, na sababu yake naipenda sana: walikuwa wanatafuta fedha za kulikarabati jengo lenyewe. Mwaka 1890 likakabidhiwa kwa mji. Likawa ukumbi wa mji na kituo cha zimamoto. Chini ya jukwaa pakawa na mahabusu. Kwa hiyo ndani ya miaka mia moja nyumba hiyo imehubiriwa neno, imekemea pombe, imepokea vikao vya mji, imebeba king'ora cha moto na imelaza wahalifu. Haikuwahi kukaa bila kazi kwa muda mrefu, na nadhani hiyo ndiyo iliyoiokoa. Paa linalovuja juu ya watu huzibwa. Linalovuja juu ya sakafu tupu, hakuna anayejua.

Ukaja mdororo mkuu wa uchumi. New York majumba ya maigizo yalikuwa yanafungwa, waigizaji wanalala na njaa. Mmoja wao alikuwa Robert Porterfield, kijana aliyekulia pande hizi za Virginia. Akapiga hesabu rahisi: mjini kuna waigizaji wenye njaa, nyumbani kuna wakulima wenye mazao yasiyo na mnunuzi na ambao hawana burudani. Akaja Abingdon na wenzake 22. Tarehe 10 Juni 1933 wakafungua pazia. Kiingilio kilikuwa senti 40, au mazao yenye thamani hiyo. Tangazo lao liliwaambia wakulima kwamba mboga wasizoweza kuziuza zitawanunulia kicheko.

Kubadilishana mali kwa mali, kwa Kiingereza barter, na jumba likaitwa hivyo hivyo.

Watu wengi walilipa kwa vyakula. Walileta mboga, mayai, kuku, maziwa, nguruwe mzima. Kuna hadithi inasimuliwa Abingdon ya mkulima aliyekuja na ng'ombe wake na mkewe. Akakamua mpaka maziwa yakatosha tiketi moja, akaacha. Mtu wa tiketi akauliza, na mama je? Akajibu kwamba mama atajikamulia yake.

Msimu ule ulipoisha wakahesabu walichobakiza: dola 4.35, mapipa mawili ya jeli, na waigizaji wote kwa jumla walikuwa wamenenepa zaidi ya ratili 300, yaani karibu kilo 136. Kwa watu waliotoka New York hawana uhakika wa chakula cha jioni, hiyo ni faida kubwa.

Naendelea chini, nisiwachoshe kwa pumzi moja.

Binti Kagera

Mkuu umenigusa. Hili la kulipa kwa mazao mbona kwetu lipo, tena kanisani kwenyewe! Sisi Walutheri wa Bukoba, Jumapili ya mavuno watu wanaingia na mikungu ya ndizi, maharage, mayai, kuku wamefungwa miguu. Baada ya ibada mnada unafanyika nje. Mkungu mmoja unaweza kununuliwa, aliyenunua akaurudisha kama sadaka, ukanadiwa tena, ukarudishwa tena. Mwisho unakwenda kwa mjane au kwa wageni. Asiye na hela naye ametoa, na hakuna anayemtazama vibaya.

Ninachotaka kujua: hao waandishi wa tamthilia walilipwa nini? Maana huwezi kuigiza kazi ya mtu bure.

Mpanda Milima

Dada, asante sana kwa hilo la mnada, ndilo hasa. Hadhi ya mtoaji inabaki.

Waandishi nao walilipwa kwa chakula. Virginia wanajivunia paja la nguruwe linalotiwa chumvi na kukaushwa kwa moshi, na Porterfield alikuwa anawatumia waandishi paja moja kama malipo ya haki zao. Noël Coward, Thornton Wilder na Tennessee Williams ni kati ya waliokubali. George Bernard Shaw, ambaye hakula nyama, alirudisha paja akaomba spinachi. Akatumiwa spinachi.

Mchungaji Mstaafu

Nimesoma kwa makini. Sina shida na maigizo, hata sisi tumeigiza Krismasi na Pasaka miaka yote. Shida yangu ni mahali. Pale palibatizwa watoto, pakafungwa ndoa, pakaagwa maiti. Leo mtu anasimama palepale pa mimbari anaigiza mlevi, watu wanacheka. Hapo chini mahabusu. Mnaona sawa? Jengo lililowekwa wakfu si ghala la kukodisha. Mimi ningeona heri libomolewe kwa heshima kuliko kutumiwa kwa kila kitu.

Mpanda Milima

Shikamoo mchungaji. Nimekusikia, na hoja yako ni nzito, siichukulii kijuujuu.

Nina mambo mawili. La kwanza ni la kimadhehebu. Kwa Wapresbiteri kanisa ni watu waliokusanyika, na nyumba ni chombo chao. Walipohama, walihama na kanisa lao. Wakatoliki wana utaratibu wao: sheria ya kanisa lao, kanuni ya 1222, inamruhusu askofu kuliondoa jengo kwenye ibada likatumika kwa mambo ya kawaida, mradi yasiwe ya aibu. Waanglikana nao wana taratibu za kulitoa jengo wakfu kabla halijakabidhiwa. Kwa hiyo makanisa yenyewe yamekwisha kulifikiria jambo hili, na hayakusema jibu pekee ni kubomoa.

La pili ni la watu. Mji unapobomoa jengo la miaka mia moja, unapoteza pia mahali ambapo mzee anaweza kusimama na mjukuu akamwambia bibi yako alibatizwa hapa. Abingdon bado wanaweza kusema hivyo. Heshima ya ubatizo ule inalindwa vizuri zaidi na kuta zilizosimama kuliko na kiwanja cha kuegesha magari. Huo ndio msimamo wangu, mzee wangu, na najua hutakubali wote.

Mchungaji Mstaafu

Marahaba. Hilo la bibi nimelipokea. La mahabusu bado sijalipokea.

Mtoto wa Nakasero

Kampala ilienda kinyumenyume. Kulikuwa na Norman Cinema, jumba la sinema la mjini. Likachukuliwa na Kampala Pentecostal Church, kanisa lililoanzishwa 1984, ambalo leo linaitwa Watoto. Viti vya watazamaji vikawa viti vya waumini. Na kusema kweli wakati wa Krismasi wanafanya maonyesho ya nyimbo na maigizo makubwa pale, mji mzima unakwenda. Kwa hiyo jukwaa halikuacha kuwa jukwaa.

Kwetu makanisa yanatafuta kumbi, kwao kumbi zinatafuta makanisa. Mahitaji yamepishana tu.

Fundi wa Mataa

Nafanya kazi za sauti na taa za ukumbini, naomba niseme la kiufundi kidogo, maana watu hudhani ukishapata kanisa umepata ukumbi.

Kanisa limejengwa kwa ajili ya kuimba. Dari la juu, kuta ngumu, sauti inazunguka sekunde kadhaa kabla haijafa. Kwaya inapata utamu hapo. Lakini mwigizaji akizungumza haraka, silabi ya kwanza bado inaelea wakati ya tano inatoka, na mtu wa nyuma anasikia uji. Maneno yanataka sauti ife ndani ya sekunde moja hivi. Ndiyo maana ukiingia kwenye makanisa yaliyogeuzwa vizuri utakuta mapazia mazito, zulia na viti vyenye godoro. Si pambo, vinakula mwangwi.

Shida ya pili ni pembeni na juu. Jukwaa halisi linataka nafasi ya kujificha kushoto na kulia, na nafasi ya kupandisha mandhari juu yasionekane. Kanisa halina. Ukuta unaishia palepale mimbari inapoishia. Watu wanaishia kuigiza kwa mandhari machache na kubuni njia za kuingilia. Mimi naona mara nyingi igizo linafaidika, maana mzigo wote unabaki kwa mwigizaji.

Tatu, milango. Kanisa la zamani lina mlango mkubwa mmoja na kamlango ka pembeni. Ukizima taa zote na kujaza watu, hiyo ni hatari. Njia za kutokea wakati wa moto ziwe jambo la kwanza, kabla ya rangi, kabla ya pazia.

Swali kwa mleta mada: hao Abingdon walifanyaje?

Mpanda Milima

Mkuu, nilikuwa nasubiri mtu kama wewe.

Miaka ishirini ya kwanza walihangaika na walichonacho. Vyumba vya kubadilishia nguo vikaja kuwekwa kule chini kulikokuwa na mahabusu (mchungaji, hapo nadhani utafurahi kidogo). Kelele ndiyo ilikuwa mtihani. King'ora cha zimamoto kilikuwa juu ya paa, na kiliwaita wazimamoto wa mji wakati wowote, hata katikati ya igizo. Waigizaji wakajiwekea utaratibu: king'ora kikilia, kila mtu anaganda alivyo. Kama mkono umeinuliwa, unabaki juu. Kikinyamaza, wanaendelea kutoka neno lilelile. Na watazamaji hawakushangaa, maana ni wenyeji, wanajua nani ametoka mbio kwenda kuzima moto. Hali hiyo iliendelea mpaka 1994.

Mabadiliko makubwa ya ndani yalikuja 1953. New York walikuwa wanabomoa Empire Theatre, jumba la Broadway lililofunguliwa 1893. Porterfield akapata ruhusa ya kuchukua vitu vya ndani kabla ya kubomolewa, akapewa mwisho wa wiki mmoja tu. Wakaenda na malori. Wakarudi Abingdon na viti, mazulia, picha za ukutani na mtambo wa taa uliotengenezwa na Thomas Edison, vyote vikithaminiwa dola 75,000. Yaani New York inavunja jumba lake maarufu, na kanisa la zamani la mlimani linapokea viti vyake. Kila nikifikiria hilo huwa nasisimka.

Leo ukumbi mkuu unachukua watu kama 500. Na ng'ambo ya barabara wana ukumbi wa pili mdogo, ambao nao ulianza kama kanisa, la Wamethodisti, ukaja kuwa ukumbi wa mazoezi ya viungo wa chuo cha wasichana cha Martha Washington, kisha tangu 1961 ukawa wa maigizo. Mji mmoja, makanisa mawili, majukwaa mawili.

Jirani wa Limuru

Naomba nitie neno tofauti. Mnasifia kuta sana. Kamirithu pale Limuru hapakuwa na kuta. Mwaka 1977 wanakijiji, wakulima na vibarua, walijijengea jukwaa la wazi kwa mikono yao, wakaigiza kwa Kikikuyu, watu wakaja kwa maelfu. Leseni ikafutwa Novemba mwaka uleule, na mwaka 1982 kituo kikabomolewa na serikali. Jukwaa la jamii linaishi kwa ruhusa ya wenye nguvu kwanza, paa linafuata. Hao Abingdon walikuwa na bahati ya kuigiza vichekesho.

Tena nauliza: hilo ni jumba la jamii kweli, au ni la waigizaji wa kulipwa kutoka New York ambao wenyeji wanawatazama?

Mpanda Milima

Kaka, hoja ya Kamirithu siwezi kuipinga. Mji wa Abingdon ulikuwa upande wa Porterfield, na jengo lilikuwa mali ya mji. Bila hilo pasingekuwa na kisa. Hata jimbo liliunga mkono: mwaka 1946 likatambuliwa rasmi kuwa jumba la maigizo la jimbo la Virginia. Mwaka 1948 Porterfield akapewa tuzo ya Tony, tuzo kubwa ya maigizo Marekani, kwa kukuza maigizo nje ya New York. Mwaka 1949 kundi lao likaenda Denmark kuigiza Hamlet kwenye ngome ya Kronborg mjini Elsinore, mji ambao Shakespeare ameutaja kama makao ya mfalme katika tamthilia hiyo. Kwa hiyo si vichekesho tu, ila nakubali kwamba hawakuwa wanamgusa mwenye nguvu kama Kamirithu walivyomgusa.

La pili: ndiyo, waigizaji ni wa kulipwa, na hawakuwa wote wenyeji. Gregory Peck alipita pale mwaka 1940 kabla hajajulikana. Ernest Borgnine alikuja baada ya kutoka jeshi la majini, akaanza kwa kuendesha lori na kupaka rangi mandhari, akapanda jukwaani polepole. Patricia Neal, Ned Beatty, Hume Cronyn, wote wamepitia Abingdon. Kama jamii kwako maana yake ni wenyeji kuigiza wenyewe, basi hili halitoshi.

Lakini mimi natazama nani alibeba. Wakulima walilisha kundi zima kwa msimu mzima wakati serikali haijatia mkono. Jumba lilipofungwa wakati wa vita ya pili ya dunia, likafunguliwa tena baada ya vita, na watu wakarudi. Porterfield alifariki 1971, na hapo ndipo sehemu kama hizi hufa, maana zilikuwa za mtu mmoja. Hili halikufa. Rex Partington akashika 1972, Richard Rose akafuata 1992, na tangu 2020 ni Katy Brown. Mwaka huohuo wa 2020 korona ilipofunga kumbi zote, walihamia kwenye uwanja wa sinema wa nje pale Abingdon, ule wa kutazama ukiwa ndani ya gari, wakaigiza huko. Watu wakaja na magari yao. Mji ambao haulioni jumba kuwa lake haufanyi hivyo.

Jirani wa Limuru

Sawa, nani alibeba ni kipimo kizuri. Nakikubali kwa masharti: anayebeba apewe pia nafasi ya kusimama juu ya jukwaa. Kamirithu walifanya yote mawili.

Mpanda Milima

Hapo umenishinda, na ningependa Abingdon wangekuwa na zaidi ya hicho.

Mkazi wa Glasgow

Huku Scotland kuna jengo lilikuwa kanisa la parokia ya Kelvinside, tangu 2004 linaitwa Òran Mór. Mchana wanaigiza tamthilia fupi, na tiketi inakuja na mkate wa nyama na kinywaji. Wafanyakazi wa ofisini wanakuja saa ya chakula. Glasgow si mji mdogo, lakini naona chakula na jukwaa vinakwenda pamoja kila mahali ambapo kanisa limegeuzwa na likafanikiwa.

Binti Kagera

Na mpaka leo huko Abingdon mtu anaweza kulipa kwa mkungu wa ndizi?

Mpanda Milima

Ndizi sidhani kama wangekataa, dada! Kila mwaka wana walau onyesho moja ambalo wanapokea chakula badala ya fedha. Sasa hivi hakiliwi tena na waigizaji, kinapelekwa kwa wahitaji wa mkoa ule. Wengi wanaleta vya makopo kwa sababu vinadumu.

Mchungaji Mstaafu

Hiyo ni sadaka. Nauliza swali la mwisho. Usharika wetu una kanisa la zamani la wamisionari, tumejenga jipya pembeni, lile la zamani limekaa na popo. Vijana wa kwaya wameliomba kwa maigizo. Tuanze na nini?

Fundi wa Mataa

Shikamoo mchungaji. Anza na paa na mbao zinazolibeba, mwite fundi apande aangalie mchwa. Popo wahamishwe kwanza, na kinyesi chao kisifagiliwe kikiwa kikavu: kilowesheni maji, vaeni barakoa, kina maradhi ya mapafu. Halafu hesabu milango. Kama upo mmoja, toboa wa pili kabla ya onyesho la kwanza. Umeme uvutwe upya, wala msiunganishe taa za jukwaa kwenye waya wa zamani. Kwa mwangwi, tundikeni mablanketi kwenye ukuta wa nyuma, ule unaotazamana na jukwaa, mjaribu kuzungumza mkiwa watu wachache, kisha wengi, maana miili ya watu nayo inakula sauti. Viti vya mbao vilivyopo viacheni, vinatosha.

Mpanda Milima

Na mchungaji, kabla ya yote hayo, usharika ukae kikao uandike nani ana mamlaka ya jengo, nini kisichezwe humo, na mapato yanaingia mfuko upi. Igizo la kwanza liwe la kuchangia paa, kama walivyofanya 1876.